Kabla hujanunua betri nyingine ya sola, jua kilichoiua ya kwanza

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati sola kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma, kule ambako ukitaka kufika unapanda boti Kibirizi pamoja na saruji, magodoro, kreti za soda na betri zenyewe. Wateja wangu ni wenye maduka, vinyozi, wenye vibanda vya kuonyesha mpira, zahanati, na nyumba za kawaida zenye taa tano na televisheni moja. Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, betri imekufa, njoo na nyingine." Huwa nawaomba wasitoe hela kwanza. Betri ya risasi ikitunzwa inakaa miaka mitatu, minne, hata mitano. Ikifa ndani ya mwaka mmoja, kuna kitu hapo nyumbani kimeiua, na kitu hicho hakiondoki na betri mbovu. Kinabaki kinaisubiri mpya.

Ninachoandika hapa kinahusu betri za risasi na asidi tu, za maji na zile zilizozibwa tunazoziita kavu. Lithiamu ina mambo yake.

Inakufa kwa njaa

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo. Ndani mna pleti za risasi zilizozama kwenye asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Ukitumia umeme usiku, sehemu ya ile asidi inaingia kwenye pleti na kuacha tabaka la salfeti. Kesho yake jua likiichaji mpaka ikajaa, salfeti inarudi kwenye maji na kuwa asidi tena. Salfeti ya usiku mmoja ni laini, inatoka bila shida. Ikiachwa wiki kadhaa inaganda kuwa fuwele ngumu, na sehemu ile ya pleti haifanyi kazi tena. Betri inabaki na uzito uleule na sura ileile, ila uwezo wake umepungua, na unaendelea kupungua kila wiki.

Ndiyo maana nikifika kwa mteja siulizi kwanza betri ilinunuliwa lini. Nauliza: mara ya mwisho ilijaa lini? Wengi wanakosa jibu. Wananionyesha taa ya kijani kwenye kontrola, kile kisanduku kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, na kwenye kontrola nyingi za bei nafuu taa ile inasema tu kwamba kuna jua. Betri zinazokufa kwa kuchajiwa kupita kiasi nazikuta mara chache. Zinazokufa kwa kulala nusu leo, nusu kesho, nusu mwezi mzima wa mvua, ndizo zimejaa kwenye mabanda ya watu.

Mita kwanza

Nunua mita ya dijitali, hii ya kawaida wanayotumia mafundi wa redio. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na betri, na bila hiyo wewe na fundi wako mnabahatisha.

Kipimo cha kwanza ni cha alfajiri, kabla jua halijagusa paneli na kila kitu kikiwa kimezimwa tangu mlipolala. Betri inatakiwa iwe imepumzika saa kadhaa, haitoi wala haipokei. Weka mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, usipime kwenye waya au kwenye kontrola. Kwa betri ya maji, 12.6 au 12.7 ni kwamba imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo hivi, na 11.8 imeisha. Betri kavu husoma juu kidogo, ikijaa inafika 12.8 au 12.9. Ukikuta asubuhi nyingi mfululizo mita inasoma chini ya 12.2, umeshapata sehemu ya jibu: inatumika kupita inachoingiza.

Kupima mchana wakati paneli inachaji ni kujidanganya. Hata betri bovu kabisa itakuonyesha 13.8 na utafurahi bure.

Ila mchana kuna kipimo cha aina yake, nacho ni kizuri kuliko vyote. Siku ya jua, tazama volti za betri kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, hata kwa kuchungulia kila saa. Betri nzima yenye paneli ya kutosha hupanda taratibu, ikafika 14.4 hivi mchana, ikakaa hapo saa mbili tatu, kisha kontrola inashusha kwenye 13.6 au 13.8 ya kuilinda. Isipofika 14.4 siku nzima, usiilaumu betri: paneli ni ndogo, au ina vumbi, au mwembe umekua na kivuli kinapita saa nane, au waya ni mwembamba na mrefu, au kuna mtu anatumia umeme mchana kuchaji simu za kijiji. Na ikipanda kwa kasi ikagonga 14.4 muda mfupi tu baada ya jua kutoka, halafu saa mbili usiku taa zinazima, hapo ndipo betri yenyewe imekwisha. Imejaa haraka kwa sababu nafasi ya kujaza haipo tena.

Kipimo cha tatu ni cha mzigo. Betri ikiwa imejaa na imepumzika, washa televisheni na taa zote, tazama mita dakika tano. Kushuka kutoka 12.6 mpaka 12.3 ni kawaida. Ikianguka chini ya 11.5 kwa mzigo mdogo kama huo, imechoka. Na kuna namba moja ya kukumbuka: 10.5. Ukichaji siku nzima halafu betri iliyopumzika inasoma 10.5 hivi, chumba kimoja kimeshotiana, vimebaki vitano. Hiyo haitengenezeki. Usimlipe mtu anayekuambia ataiamsha.

Kama ni betri ya maji, ongeza haidromita, ile bomba ya kioo yenye kielea ndani inayopima uzito wa asidi. Vuta asidi ya kila chumba, soma, andika. Imejaa ikisoma 1.265 mpaka 1.280, ingawa betri nyingi zinazotengenezwa kwa nchi za joto hujazwa asidi nyepesi zaidi, ikijaa husoma 1.240 au 1.250, fuata kilichoandikwa kwenye betri yako. Kusoma 1.190 ni karibu na nusu. Lakini mimi naangalia zaidi tofauti kati ya chumba na chumba. Vyumba vitano vikisoma 1.250 na kimoja 1.190, hicho kimoja kinavuta vyote chini. Tofauti ikifika pointi 50, yaani 0.050, hata baada ya kuchaji vizuri, anza kuweka akiba ya betri nyingine. Usipime mara tu baada ya kuongeza maji, kwa sababu maji mapya hukaa juu na kukupa namba ya uongo. Chaji kwanza.

Maji ya betri

Kinachopungua kwenye betri ya maji ni maji peke yake. Inapokaribia kujaa, umeme huyapasua yakawa gesi ya haidrojeni na oksijeni, yakatoka kwenye vifuniko. Asidi haiendi popote. Kwa hiyo unaongeza maji yaliyosafishwa ya betri, huongezi asidi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri chupa ya asidi na chupa ya maji husimama kwenye rafu moja, na muuzaji ukimwambia "nipe maji ya betri" anaweza kukupa yoyote. Soma lebo. Asidi juu ya asidi inakula pleti, na haidromita itakudanganya kwamba betri imejaa kumbe inaungua.

Asidi huongezwa pale tu ilipomwagika, na huku kwetu hutokea: betri ya maji inasafiri kwenye boti, wimbi la mchana linapiga, betri inalala ubavu. Hapo inajazwa asidi ya nguvu ileile iliyotoka, na fundi mwenye haidromita. Dawa yake bora ni kuisafirisha imesimama wima, imefungwa kamba pande zote, na si juu ya gunia la mchele la mtu.

Maji ya kisima hayafai, ya ziwani hayafai, ya mvua yaliyopita kwenye bati hayafai. Na yaliyochemshwa pia hayafai, maana watu wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi na chokaa vinabaki kwenye sufuria, na vinazidi kukolea.

Kagua kila mwezi wakati wa kiangazi. Pleti zikionekana ziko nje ya maji wakati betri haijajaa, ongeza kidogo tu zifunikwe. Kujazia mpaka kwenye alama kunafanywa jioni, baada ya siku ya jua, betri ikiwa imejaa, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji na ukijaza mapema yatafurika na asidi itatiririka juu ya betri. Pleti iliyokaa hewani muda mrefu hairudi. Na betri ikianza kunywa maji sana ghafla, tazama kontrola: huenda inasukuma zaidi ya 15 bila kukata.

Kwa betri ya maji kuna kazi nyingine ambayo wengi hawaifanyi. Asidi nzito huzama chini, nyepesi ikabaki juu, na chini ya pleti panaliwa kabla ya juu. Kontrola nzuri ina mpangilio wa kuisukuma betri mpaka volti 15 hivi kwa saa mbili tatu, mara moja kwa mwezi au miezi miwili, ichemke mapovu na kuchanganyika. Fungua madirisha, zima inveta (ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kuwashia vyombo vya nyumbani) na televisheni kabla. Wavuvi wa dagaa wanaobeba betri za taa kwenye mitumbwi hawana tatizo hili, ziwa linawachanganyia kila usiku. Shida yao ni pleti kutikisika mpaka zikamomonyoka. Betri kavu usiipeleke 15 hata siku moja. Gesi ikitoka humo hurudishi tena, kwa kuwa hakuna mahali pa kuongezea maji.

Vichwa, waya na mahali pa kukaa

Unga mweupe wenye ukijani kwenye vichwa vya betri ni asidi inayokula risasi na shaba. Unazuia umeme kupita, na kontrola inadhani betri imejaa wakati bado. Dawa ipo jikoni: magadi, haya ya kuivishia maharage. Koroga kijiko kikubwa kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, hakikisha vifuniko vya vyumba vimekazwa, mwagia, acha yachemke mapovu, sugua na mswaki wa zamani, suuza, kausha. Magadi yakiingia ndani ya chumba yanaua asidi, kwa hiyo taratibu. Kaza nati, kisha paka grisi au vaselini juu ya muunganiko. Juu, si katikati ya chuma na chuma.

Baada ya kukaza, washa mzigo mkubwa ulionao, subiri dakika kumi, gusa kila muunganiko kwa nyuma ya kidole. Unaopata moto umelegea au waya wake ni mwembamba.

Joto ni adui mkubwa, na nyumba zetu za bati zinalijua hilo. Betri hutengenezwa kwa hesabu ya nyuzijoto 25. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, maisha yake yanakatwa karibu nusu. Nimeona watu wameijengea betri rafu nzuri juu kabisa chini ya bati, watoto wasiifikie, na mchana huwezi hata kuweka mkono pale. Iweke chini, upande wa nyumba usiopigwa na jua la jioni, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu juu na chini. Habari ya kwamba sakafu ya saruji hunyonya chaji haina ukweli kwa betri za siku hizi zenye ganda la plastiki. Mimi huweka ubao chini yake kwa sababu ya unyevu tu.

Usilale chumba kimoja kisicho na hewa na betri ya maji, na usiikague kwa koroboi, kiberiti au sigara mdomoni. Haidrojeni hewani ikifika asilimia 4 inaweza kulipuka, na betri inayolipuka inarusha asidi usoni. Vaa miwani hata ya jua. Weka ndoo ya maji safi karibu. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika kumi na tano bila kuacha, ukiwa njiani kutafuta zahanati.

Mpira wa saa moja usiku

Sababu ya pili kubwa ya vifo vya betri nimeikuta mara nyingi kwenye vibanda vya mpira. Kontrola ina kazi ya kukata mzigo betri ikishuka sana. Basi Simba na Yanga wako kipindi cha pili, kontrola inakata, kibanda kizima kinapiga kelele. Kijana mmoja anachomoa waya za inveta kwenye kontrola na kuzibana moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Picha inarudi, anapigiwa makofi. Waya zile haziondolewi tena. Mwezi wa pili mwenye kibanda ananiambia, "Fundi, ile kontrola yako ilikuwa inatuzimia mpira, tumeiruka," na palepale ananiambia betri haikai na chaji.

Inveta nyingi za bei nafuu zinakata zenyewe kwenye volti 10.5 hivi. Hapo betri ilishaisha zamani. Hata kontrola nyingi zimewekwa kiwandani zikate kwenye 10.7 au 11, ambayo pia ni chini mno. Kama kontrola yako inaruhusu kubadili, weka 11.8, na kurudisha mzigo iwe 12.6. Inveta kubwa ambayo kontrola haiwezi kuibeba lazima iungwe kwenye betri, ni kweli, lakini basi mwenye nyumba ajifunze kutazama mita na kuzima kwa mkono wake. Betri inayoshushwa mpaka nusu kila usiku huishi karibu mara mbili ya inayoshushwa mpaka robo na chini.

Hesabu ambayo muuzaji hakufanyii

Nyumba ya kawaida: taa tano za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 125. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne, 160. Redio ya wati 10 kwa saa tano, 50. Simu nne, kama 40. Jumla 375 kwa siku. Gawa kwa 12, unapata AH 31, yaani ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri. Hutaki kuishusha betri chini ya nusu, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Unataka pia siku moja ya mawingu ipite bila giza, zidisha tena kwa mbili. Ni AH 124. Nunua ya 120 au 150.

Sasa paneli, na hapa ndipo watu wanapoumia. Betri ya risasi inapenda kuchajiwa kwa kama sehemu ya kumi ya AH zake: ya 120 inataka ampea 12. Paneli ya wati 200 jua likiwa kali inatoa karibu ampea 11. Hapo mmeelewana. Lakini ninachokikuta ni N200, betri ya AH 200, imeungwa kwenye paneli moja ya wati 100. Paneli hiyo inaleta ampea 5 na nusu, kwa siku ya jua zuri labda AH 25. Betri ya AH 200 iliyoshuka nusu inadai 100 na zaidi. Ni siku nne nzima za jua bila kuwasha hata taa moja, na nani anakaa siku nne bila kuwasha taa? Betri hiyo haijai mpaka inakufa. Mwenyewe anaona umeme haumtoshi, anauza mbuzi, ananunua betri ya pili, anaiunga pembeni, paneli ni ileile. Sasa ana betri mbili zenye njaa. Kama hela ni ya kitu kimoja tu, nunua paneli.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mawingu yakitanda, hesabu hii inapungua yenyewe. Punguza televisheni. Na futa paneli kwa kitambaa chenye maji asubuhi kabla haijapata moto, hasa miezi ya vumbi na moshi wa mashamba.

Ukishaamua kununua

Betri ya gari ina pleti nyembamba nyingi, imetengenezwa kupiga stata sekunde chache na kujazwa palepale. Ukiishusha nusu kila usiku haimalizi mwaka. Tafuta iliyoandikwa ni ya sola, na utazame AH hizo zimepimwa kwa saa ngapi. Betri iliyoandikwa 100 kwa C100, yaani ikitumiwa polepole kwa saa 100, ni ndogo kuliko iliyoandikwa 100 kwa C20 au C10. Ukiitumia usiku mmoja hutazipata hizo mia.

Omba mizani. Sifanyi mzaha, karibu kila soko lina mizani ya mahindi. Betri kavu ya AH 100 iliyo halali ina karibu kilo 30, ya 200 ni kilo 55 na kuendelea. Umeme unakaa kwenye risasi, na risasi ni nzito. Ukipewa "mia mbili" ya kilo 35, lebo imezidi betri. Kisha pima volti dukani: chini ya 12.4 imekaa sana kwenye rafu bila kuchajiwa, na salfeti imeanza. Tazama tarehe ya kutengenezwa, iliyopita miezi sita iulizie ilichajiwa lini. Andika namba ya betri kwenye risiti ya garantii mbele ya muuzaji.

Kama mfumo wako una betri mbili au nne, badilisha zote pamoja, aina moja, ukubwa mmoja, za wakati mmoja. Mpya ikiungwa sambamba na kuukuu, kuukuu inainyonya usiku kucha. Zikiwa kwa mfululizo, dhaifu inajaa kwanza na kuchemka wakati nzima bado haijashiba.

Kufunga

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kontrola nyingi zimeungua kwa kuukosea. Zima mizigo yote na inveta. Ondoa paneli kwenye kontrola kwanza. Paneli ikibaki bila betri volti zinapanda na kontrola inaungua. Kisha fungua hasi ya betri, halafu chanya. Zungushia spana utepe wa umeme ubaki mdomo tu, vua pete na saa ya chuma. Spana ikilala kati ya chanya na hasi inageuka nyekundu mkononi mwako.

Weka betri mpya mahali pake, acha nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine hewa ipite. Chanya kwanza, hasi mwisho. Zikiwa mbili au tatu sambamba, waya wa chanya utoke betri ya kwanza na wa hasi utoke ya mwisho, ili zote zifanye kazi sawa. Ukitoa zote mbili kwenye betri ileile, hiyo itachoka kabla ya wenzake. Fyuzi iwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Betri ndiyo inayoweza kuwasha moto nyumba, paneli haina nguvu hiyo.

Kontrola ikishaiona betri, ndipo urudishe paneli, na mizigo mwisho. Kisha badili mpangilio: kontrola iliyokuwa ya betri ya maji usiiache hivyo ukiweka kavu. Betri kavu ya gel, ambayo asidi yake ni nzito kama jeli, inataka 14.1 au 14.2, ya maji 14.4 mpaka 14.8; soma karatasi yake. Ichaji siku mbili za jua bila kutumia, uandike tarehe kwenye ganda kwa maka pen, na asubuhi ya tatu upime. Namba hiyo iandike ukutani au kwenye daftari, pamoja na za vyumba vyote kama ni ya maji. Baada ya miezi sita utakuwa na cha kulinganishia.

Betri kuukuu

Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi ni sumu, mbaya zaidi kwa watoto: inaharibu akili na hairudi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu kijiji kizima. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania jambo hilo miaka mingi, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Huku kwetu si kiwanda, ni mtu mmoja na nyundo nyuma ya nyumba, anapasua ganda na kuyeyushia risasi kwenye sufuria atengeneze vyuma vya nyavu. Sufuria ile ikirudi jikoni, basi.

Betri kuukuu ina bei, inauzwa kwa kilo. Iuze nzima, vifuniko vimefungwa, isafiri imesimama na boti linalorudi Kibirizi. Wanunuzi wengine watakuambia umwage asidi kwanza, kwa kuwa hawataki kulipia uzito wa maji. Asidi hiyo ina risasi ndani yake, na ukiimwaga inakwenda kwenye kisima au ziwani tunakochota. Mwambie apunguze bei ya uzito huo, aichukue nayo. Akikataa, wanunuzi wa betri mjini ni wengi.